Baiskeli Itengewe Njia Yake

Mwezi Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura ili kupunguza ajali. Nia hiyo ni njema. Hakuna apendaye damu imwagike barabarani. Lakini katika miaka iliyofuata petroli iliadimika, na mabasi yakapungua. Je, mfanyakazi wa Kinama au Kanyosha afikeje kazini? Baiskeli haipangi foleni ya mafuta. Majirani wawili wenye zamu mbalimbali waweza kutumia moja. Hatuna budi kuitengea njia yake. Nao wapandaji wawe na nidhamu: askari hutunza bunduki yake, mpanda baiskeli atunze breki na taa, wala asining'inie nyuma ya malori yapandayo Bugarama.