Bizari haijamtoboa mtu tumbo

Wiki iliyopita, kwenye sherehe ya kumfunda mwali, somo mmoja alishika maiki akamwambia bi harusi mbele ya ukumbi mzima: "Mwanangu, usimzoeze mumeo viungo, vitamtoboa tumbo. Tia kidonge cha mchuzi cha dukani, inatosha." Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi chakula kilinishinda.

Nimechoka na uzushi huu. Mtu akisikia tumbo linawaka, wa kwanza kushtakiwa ni bizari. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren waliwabaini bakteria wanaoishi tumboni, Helicobacter pylori, na baadaye ikathibitika kwamba hao ndio chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Madaktari wakabisha. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe, tumbo likamvimba kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Bakteria, jamani, si bizari!

Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu: aspirini, ibuprofeni, diclofenac. Hizo tunanunua duka la dawa bila cheti, tunameza na tumbo tupu kwa sababu mgongo unauma. Mama anayeikimbia iliki, mfungulie mkoba uone alichobeba.

Wapo wanaonijibu, "Bibi yangu hakutia viungo na aliishi miaka tisini." Na bibi wa Pemba aliyekula mchuzi wa viungo maisha yake yote akafika umri huohuo, yeye tumfanyeje? Wengine wanasema pilipili inawachoma. Basi waache pilipili! Mdalasini umewakosea nini?

Tena hicho kidonge wanachokisifu, geuza pakiti usome. Mara nyingi kinachotajwa kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Sisi tunatia chumvi, tunatia na kidonge juu yake, presha ikipanda tunasema ni mawazo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba viungo hivi ni vyetu. Karafuu imestawi Unguja na Pemba tangu enzi za Seyyid Said, na nyingine inasafirishwa hadi Indonesia ikatiwe kwenye sigara. Iliki inatoka Usambara, pilipili manga na mdalasini vinatoka milima ya Uluguru. Mkulima anapanda mlima na gunia mgongoni, mjini tunaunga mchicha kwa chumvi ya kiwandani. Hata hotelini ukiagiza chai ya viungo unaletewa maji ya moto na unga wa pakiti. Na wale wanaochanganya unga wa mahindi kwenye binzari ya kusaga, Mungu anawaona. Nunueni viungo vizima.

Kupika navyo si kazi ya sikukuu. Chukua dagaa wa kawaida. Kaanga kijiko cha bizari nyembamba kwenye kikaango kikavu mpaka inukie, uiwahi kabla haijaungua, maana ikiungua ni chungu. Itwange na punje chache za pilipili manga, kitunguu saumu na tangawizi. Tia kwenye mafuta yenye vitunguu kabla ya nyanya, kwa sababu harufu ya viungo hutoka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Weka dagaa, kamua ndimu, na giligilani itupie ukishaepua. Onja kwanza ndipo ushike chumvi. Utashangaa kidogo inavyotosha.

Mwenye tumbo linalouma aende hospitali. Kipimo cha kinyesi kinawaonyesha bakteria hao, na dawa zake kwa kawaida humezwa kwa siku 14. Kula mchuzi usio na ladha hakujawahi kuua bakteria hata mmoja.