Kabla ufurahie kupewa nafasi, mjue Lena Horne

Kwenye mtaa wa 47 Magharibi jijini New York kuna ukumbi wa maigizo unaoitwa Lena Horne. Ulipewa jina hilo Novemba 2022, na ndio ukumbi wa kwanza wa Broadway kuitwa kwa jina la mwanamke mweusi. Heshima kubwa, sawa. Lakini huyu mwimbaji wa jazz na mwigizaji alikuwa amefariki tangu Mei 2010. Ukitaka kuelewa mbona heshima ilichelewa hivyo, angalia walivyompa nafasi alipokuwa hai.

Lena alizaliwa Brooklyn mwaka wa 1917. Akiwa na miaka 16 tu, alikuwa akicheza densi Cotton Club, klabu ya Harlem ambako waliotumbuiza walikuwa weusi na waliolipa kiingilio walikuwa weupe. Mwaka wa 1942 akasaini mkataba na MGM, mojawapo ya studio kubwa zaidi za Hollywood. Msimamo wake ulikuwa mmoja: hachezi kijakazi. Enzi hizo, mwanamke mweusi kwenye filamu alikuwa mpishi au yaya, basi.

Kwa hivyo alishinda, si ndiyo? Ngoja kwanza.

Studio ilitii sharti lake, kisha ikatafuta njia ya kulizunguka. Katika filamu zake nyingi za MGM, Lena anatokea akiwa amevaa gauni la kumeremeta, anaimba wimbo mmoja au miwili, anaondoka. Haongei na wahusika wakuu. Kwa nini? Ili kumbi za sinema za majimbo ya kusini, ambako ubaguzi ulikuwa sheria, ziweze kukata kipande chake na hadithi iendelee kana kwamba hakuwahi kuwepo. Isipokuwa filamu kama Cabin in the Sky ya 1943, ambayo waigizaji wake walikuwa weusi watupu.

Hapo ndipo pa kushika. Ukifungiwa mlango, unajua umefungiwa. Lakini ukiingizwa ndani, upigwe picha, usifiwe, halafu uwekwe mahali ambapo ukiondolewa hakuna kinachoharibika, unaweza kukaa miaka ukidhani umefika.

Hata uhusika uliomfaa kabisa ulimpita. Filamu ya Show Boat ya 1951 ilihitaji mwanamke mwenye damu mchanganyiko. Lena aliutaka, MGM ikampa Ava Gardner, mzungu. Miongozo ya Hollywood ilikataza kuonyesha mapenzi kati ya mweusi na mweupe. Na kumbuka, Lena mwenyewe alikuwa ameolewa na mzungu, Lennie Hayton, tangu 1947!

Yeye naye hakunyamaza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alialikwa kuwatumbuiza wanajeshi. Siku moja akakuta wafungwa wa kivita Wajerumani wameketishwa mbele, wanajeshi weusi wa Marekani nyuma yao. Yaani adui ana kiti bora kuliko askari wako! Lena alishuka jukwaani, akawapita Wajerumani, akawaimbia wanajeshi weusi huku amewapa wafungwa mgongo.

Misimamo ya aina hiyo, pamoja na urafiki wake na Paul Robeson, ilimtia matatani. Mwaka wa 1950 jina lake lilichapishwa kwenye orodha ya wasanii walioshukiwa ukomunisti, na kazi za filamu na televisheni zikakauka. Akarudi kwa kile ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya: sauti yake, kwenye klabu na rekodi. Mwaka wa 1963 alikuwa kwenye maandamano makubwa ya Washington.

Kisha ikafika 1981. Akiwa na miaka 63, alianza kuonyesha Broadway tamasha la maisha yake mwenyewe. Lilichezwa mara 333 na kumletea tuzo maalum ya Tony. Angalia tofauti: safari hii yeye ndiye hadithi. Ukimtoa Lena, hakuna tamasha.

Kwa hivyo wewe unayesubiri dili, kiti kwenye kamati au jina kwenye bango, usiulize tu utalipwa ngapi. Uliza pia: wakinitoa kesho, kuna kitu kitasimama? Kama jibu ni hapana, chukua pesa ukipenda, lakini usiache kujenga chako pembeni.