MASTAA NA CHAI ZA KUKATA TUMBO: SEMENI UKWELI, MNAWAVUNJA MOYO WANAOPAMBANA NYUMBANI

Picha ni ileile kila mara, anayebadilika ni staa tu. Kushoto amevaa dera, mashavu yamejaa, uso umechoka. Kulia kavaa kigauni cha kubana, kiuno kama cha nyigu, taa zinamulika, anacheka meno yote nje. Chini kaandika kwa kifupi: "Wiki nne tu, nidhamu na chai yangu." Inafuata namba ya WhatsApp ya kuagizia. Kabla saa haijaisha laiki zimefika maelfu, na komenti zinamiminika. "Dada umetisha." "Niwekee boksi mbili." "Jamani, mimi nakwama wapi?"

Hilo swali la mwisho ndilo la kukaa nalo. Kwa sababu mara nyingi anayeliuliza wala si mvivu.

Chukua mfano wa dada mmoja msusi pale Sinza. Anasimama kutwa nzima anasuka. Mchana anakula chipsi mayai na soda baridi, maana ndicho kinachofika haraka huku mteja yupo kwenye kiti. Anaiona ile posti, anatoa elfu 50 aliyokuwa kaitenga ya mchezo, ananunua chai. Wiki ya kwanza mzani umeshuka kilo 2, furaha mtindo mmoja. Anakimbilia chooni mara tano kwa siku, magoti yanalegea, lakini anajipa moyo kwamba sumu ndo zinatoka hizo. Wiki ya tatu boksi limeisha, na kilo zote zimerudi nyumbani. Hela ya mchezo imekwenda, kijumbe anamdai, na kibaya zaidi ameshaamini kwamba mwili wake ndio wenye kasoro.

Mwili wake hauna kasoro. Kadanganywa tu.

Hebu tuweke mambo sawa. Nyingi ya chai hizi zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kumsaidia mtu aliyefunga choo. Sena inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati sehemu kubwa ya chakula imeshanyonywa huko nyuma kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo kinachotoka ni choo na maji. Mafuta ya tumboni yapo palepale, hayajaguswa. Mtu akinywa maji ya kutosha, mzani unapanda tena. Na akiendelea kuharisha wiki hadi wiki, anapoteza chumvichumvi kama potasiamu ambazo moyo unazihitaji. Mkanda wa kubana tumbo nao ni hivyohivyo. Unabana ukiwa umevaliwa, ukivuliwa tumbo linarudi kukaa mahali pake.

Na hesabu yenyewe inawaumbua. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba nishati ya karibu kalori 7,700. Ndiyo maana wataalamu wa afya wanashauri mtu apungue nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki, siyo zaidi. Wiki nne maana yake ni kilo 2 hadi 4, tena kwa mtu aliyejituma kweli. Sasa yule anayesema kapungua kilo 15 kwa mwezi kwa kunywa chai asubuhi na jioni, ama mzani wake mbovu ama kuna kitu hajakisema.

Na mara nyingi kipo ambacho hakisemwi. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Wapo mastaa waliowekewa puto tumboni. Wapo waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo lenyewe. Wapo wanaochoma sindano zinazopunguza hamu ya kula. Wapo walionyonywa mafuta. Wapo wenye mwalimu wa mazoezi anayekuja hadi nyumbani na mpishi anayepima chakula kwa mzani. Na wapo ambao hawajafanya lolote kati ya hayo, wana simu nzuri na filta basi.

Ieleweke kwamba kwenda hospitali si dhambi. Unene uliopitiliza ni tatizo la kiafya kama matatizo mengine, unakaribisha presha, kisukari na maumivu ya magoti, na tiba yake ipo. Hilo puto linaingizwa kupitia mdomoni, linajazwa likiwa tumboni, linachukua nafasi na mtu anashiba mapema. Baada ya miezi kadhaa linatolewa. Hata hapa Dar huduma hiyo ipo, Hospitali ya Muhimbili Mloganzila imekuwa ikiitoa. Na madaktari huwa wanasema wazi kwamba mtu mwenye puto asipobadilisha ulaji wake, likitolewa kilo zinarudi. Yaani hata aliyetoa mamilioni, mwisho wa siku anarudi kwenye sahani na mazoezi kama msusi wa Sinza.

Watetezi wa mastaa wanalo la kujibu hapa. Watasema mwili ni wake, mambo ya hospitali ni siri ya mtu na daktari wake, nani kawapa ruhusa ya kuchungulia? Hoja nzuri, na kwa staa aliyepungua akakaa kimya, mjadala umeishia hapo. Hadaiwi maelezo na mtu. Ila siku anapoichukua ile picha, anaibandikia namba ya simu na kusema "hii chai ndiyo iliyonifanya hivi", hapo siri imeshageuka biashara. Anayelipa ana haki ya kujua analipia nini. Mama anayeuza maandazi akisema yana maziwa wakati hayana, mtaa mzima utamsema. Kwa nini staa asisemwe?

Tena madhara yenyewe hayaishii kwenye elfu 50. Madhara makubwa yako kichwani. Mtu anayefanya mazoezi chumbani kwake, ambaye wiki mbili hizi kapungua kilo moja, amefanya kazi kubwa ya kupigiwa makofi. Lakini akifungua simu anakuta mwenzake kapungua kilo 8 kwa muda huohuo. Ile kilo yake moja inageuka aibu. Siku ya kumi na tano haamki. Siku ya ishirini anajisemea "kwetu sote mabonge, ni asili yetu". Hakushindwa na mazoezi huyo. Kashindwa kwa sababu alikuwa anajipima kwa futi ya uongo.

Ndiyo maana wale wanaodumu ukiwachunguza utakuta wana kitu kimoja kinachofanana. Wameacha kujipima na mtu wa kwenye simu, wanajipima na wao wenyewe wa mwezi uliopita.

Yupo mama mmoja mfano wake Mbagala, chumba na sebule, watoto wawili, choo cha kuchangia. Jimu hajawahi kukanyaga. Kila asubuhi kabla hajaoga, na hapo ndipo penye ujanja wake, anaweka nyimbo tatu kwenye simu. Wimbo wa kwanza anaruka kamba uani. Wa pili anachuchumaa na kusimama akishika ukuta. Wa tatu anapiga pushapu, alianza nazo kwa kusukuma ukuta, sasa anapiga za chini. Nyimbo zikiisha anaingia bafuni. Hasubiri mzuka umpande. Kwa kuwa kuoga ni lazima, na mazoezi nayo yamekuwa sehemu ya kuoga. Jioni anashuka kituo kimoja kabla ya chake na kutembea kwa haraka hadi nyumbani.

Ukijumlisha vidakika hivyo, wiki inaisha akiwa karibu na kile Shirika la Afya Duniani (WHO) linachoshauri kwa mtu mzima, yaani walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za mazoezi ya kukaza misuli. Na siyo lazima zifanywe kwa mkupuo mmoja. Dakika kumi hapa, kumi na tano pale, zinahesabika. Haba na haba hujaza kibaba, na kwenye mwili ni hivyohivyo.

Kwenye chakula pia hakufungua sufuria ya pili. Hilo ndilo kosa la wengi, kuanza na saladi ya parachichi na shayiri za kwenye makopo, hela ikiisha na safari imeishia hapo. Yeye anakula kilekile wanachokula wanawe, ila kabadilisha upakuaji. Nusu ya sahani ni mchicha au matembele, robo ni dagaa, samaki au maharage, robo iliyobaki ndiyo ugali au wali. Mafuta hamimini tena kutoka kwenye dumu, anapima kwa kijiko, maana kijiko kimoja tu cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120. Soda kaiweka ya sikukuu. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, ambayo ni kama vijiko 9 vya chai. Nani anakoroga vijiko tisa kwenye kikombe kimoja akanywa? Lakini kwenye chupa watu wanashusha kila mchana bila wasiwasi.

Mzani hana. Ana utepe aliouazima kwa fundi cherehani. Kila tarehe mosi anajipima kiuno na kuandika nyuma ya mlango. Mwanamke kiuno kikizidi sentimita 88, na mwanaume kikizidi 102, hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari inapanda sana. Kwa hiyo anajua anakimbilia wapi, na namba zake ziko pale mlangoni, hakuna filta ya kuzibadilisha.

Je, hajawahi kuacha? Kaacha sana. Mtoto aliumwa, wiki nzima hakuruka kamba. Msiba ulitokea Morogoro, siku tano kala wali wa msibani na maandazi kama kila mtu. Tofauti ni kwamba alivyorudi hakusema "nimeshaharibu, bora niache". Kuteleza si kuanguka. Aliweka nyimbo tatu, maisha yakaendelea.

Na hapa lazima isemwe, vita ya kupungua hapa Bongo haipiganwi na tumbo peke yake. Inapiganwa na midomo ya watu. Ukinenepa, "heee, ndoa imekukubali." Ukipungua, "vipi, unaumwa?" Ukikataa chapati ya pili kwa mama mkwe, unaringa. Ukiruka kamba uani, wapangaji wenzako wanatoka na viti kuangalia sinema. Wengi wanaacha kwa kukosa ngozi ngumu, wala si kwa kukosa kamba. Dawa yake ni kumpata mwenzio, hata mmoja. Mitaa ya Temeke na Mbagala imejaa vikundi vya jogingi, na siri ya vikundi vile ni kwamba ukiwa na wenzio kumi barabarani hakuna wa kukucheka. Asiyeweza kwenda anaweza kuwa na mashoga zake wawili kwenye simu, kila asubuhi anayemaliza anatuma alama ya tiki. Ambaye hajatuma hadi saa mbili anapigiwa. Hiyo peke yake inashinda posti mia za motisha.

Angalizo dogo tu. Mwenye presha, kisukari, mjamzito au aliyetoka kujifungua apite kwanza kituo cha afya kabla ya kuanza kurukaruka. Na anayepungua bila kufanya chochote akapime haraka, huko siyo kufanikiwa.

Sasa turudi kwa mastaa. Hakuna anayewaomba muache biashara, mjini hapa kila mtu anatafuta. Kinachoombwa ni kidogo. Kama ni puto, sema puto. Kama ni sindano, sema na ueleze kwamba zinatolewa na daktari, siyo za kununua kwenye inboksi. Kama ni mazoezi, onesha na siku ile uliyoshindwa kuamka. Staa atakayesema "nilienda hospitali, na bado kila siku napambana na sahani" atapoteza wateja wachache wa chai, lakini atamwokoa yule msusi wa Sinza, ambaye leo usiku yuko kitandani anazitazama picha zile mbili na kujiuliza anakwama wapi.

Hajakwama popote. Aanze kesho kabla ya kuoga, nyimbo tatu tu.

Wadau, mnasemaje? Staa akiuza chai kwa mwili uliotengenezwa hospitali, ni biashara au ni utapeli? Na wewe unayefanyia mazoezi chumbani, nini kinakufanya usiache? Shusha komenti yako hapo chini, matusi hayaruhusiwi.