Mshauri Naye Arudi Darasani

Katika kata ya Maisaka, mjini Babati, mtu aliyepatwa na msiba wa nyumbani ana milango michache ya kubisha. Yuko mwenyekiti wa mtaa, liko dawati la polisi la jinsia na watoto, yako mabaraza ya usuluhishi yaliyotajwa na Sheria ya Ndoa ya 1971, wako mashehe na mapadri. Na yuko Afisa Ustawi wa Jamii. Huyu wa mwisho ndiye tumzungumzaye leo, pamoja na mwenzake, mshauri nasaha wa hospitali na shule. Tafadhali asichanganywe na Afisa Maendeleo ya Jamii, kosa ambalo hata baadhi ya viongozi wetu hulifanya. Yule hushughulika na vikundi na mikopo. Huyu hushughulika na mtoto aliyetupwa, mke aliyepigwa, mzee asiye na mtu, na kijana aliyetoka gerezani akakuta kwao hawamtaki.

Swali letu ni moja tu. Mtu huyu alisoma lini, na tangu siku hiyo amefundishwa nini?

Chuo cha Taifa cha Ustawi wa Jamii, ambacho leo ndicho Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, kiliwekwa kwa sheria ya mwaka 1973, na waliohitimu hapo wameitumikia nchi kwa moyo. Hatuwadharau hata kidogo. Lakini elimu ya kazi hii ni kama maziwa: ukiyaacha kibuyuni bila kuyatazama, yatabadilika humo humo.

Tuchukue jambo la ukeketaji, maana ndilo donda la mkoa wetu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015-16 ulionyesha kwamba katika Manyara wanawake 58 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha 43. Kwa nchi nzima hesabu ilishuka kutoka 10 hadi 8. Hapana shaka hayo ni maendeleo, nasi twayafurahia. Hata hivyo, wenye desturi hiyo hawakulala. Sheria ilipowabana, katika sehemu nyingi walihama kutoka kwa msichana mkubwa wakamwendea mtoto mchanga, kwa siri, na katika mikoa ya kati husemwa ati ni dawa ya ugonjwa wa lawalawa. Uchunguzi ule wa 2015-16 ulikuta kwamba kama thuluthi ya waliokeketwa walifanyiwa hivyo kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Sasa basi, mfikirini afisa aliyefundishwa zamani kwamba hatari huja mwezi wa Desemba, shule zikifungwa, na kwamba wa kulindwa ni msichana wa darasa la sita na la saba. Atasimama kwenye lango la shule kwa uaminifu mkubwa, kumbe kisu kimekwisha kupita chumbani mwa mzazi miaka kumi nyuma. Afisa huyo si mvivu wala hakula rushwa. Alichokosa ni kuambiwa kwamba mambo yamegeuka.

Jambo la pili twalisema kwa uzito, kwa kuwa makaburi yake bado ni mapya. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Walioponea walihitaji chakula, mablanketi, na mtu wa kuzungumza nao. Kuzungumza nao vipi? Zamani wataalamu wengi wa dunia walifundishwa kwamba mtu aliyeona maafa akalishwe mara moja, asimulie yote aliyoyaona, kisha atapona. Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa kikao cha namna hiyo hakizuii ugonjwa wa akili, na pengine humzidishia mtu majonzi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwingine kwa wahudumu: msikilize anayetaka kusema, usimlazimishe anayenyamaza, mtafutie ndugu zake, mpe habari za kweli, mwonyeshe pa kupata msaada. Shirika hilo pia lilishauri kwamba ile njia ya kwanza isitumiwe. Mshauri aliyehitimu kabla ya ushauri huo, naye hakurudi darasani, anaweza kumwumiza mjane wa Katesh huku akidhani anamtibu.

Tunao madaktari na wauguzi wenye mabaraza yao; hutakiwa kujiendeleza kabla ya leseni zao kuhuishwa. Walimu nao walitungiwa sheria ya bodi yao ya kitaalamu mwaka 2018. Maafisa ustawi, kupitia chama chao, wamedai kwa miaka mingi wapate baraza la namna hiyo, na twaona madai yao ni ya haki. Jirani zetu wa Kenya walipitisha sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Katika jimbo la California huko Marekani, mwenye leseni ya kazi hizi hudaiwa saa 36 za masomo kila miaka miwili, na baadhi ya saa hizo ni za sheria na maadili ya kazi.

Lakini tusiige kila kitu. Huko kwao masomo hayo yamekuwa bidhaa: wako wauzaji wa kozi, na wako wanunuzi wanaotafuta saa zao zitimie tu. Sisi nasi tuna ugonjwa wetu, nao ni semina. Barua ya wito huja, aliye karibu na mkubwa huenda Dodoma au Arusha, husaini posho, hurudi na begi la kitambaa na daftari tupu. Mada nayo huchaguliwa na mfadhili. Mfadhili akiondoka, mada huondoka naye. Na wale wahudumu wa kujitolea waliofundishwa kwa siku chache ili wawaangalie yatima wa UKIMWI, wangapi wamepata kuitwa tena?

Tungependa masomo yafanyike Babati penyewe, mara moja kwa mwezi, na kitabu chake kiwe mashauri yenyewe ya Maisaka na kata nyingine, majina yakifichwa. Afisa mzoefu akae na wachanga wapitie shauri moja: wapi tulikosea, nani alipaswa kuitwa, mtoto yule sasa yuko wapi. Hapo yaingie mambo ambayo vyuo vya zamani havikuyajua: picha za siri zinazotumiwa kutishia wasichana kwa simu, mikopo ya kausha damu inayovunja nyumba, kamari ya vijana. Kadhalika lugha. Afisa aliyehamishwa kutoka Bukoba atamsikilizaje bibi asemaye Kiiraqw, Kigorowa au Kibarbaig, ikiwa mkalimani wake ni yule mjukuu anayemtesa?

Gharama aibebe mwajiri. Kumwambia mfanyakazi ajilipie masomo kutoka mshahara wake ili alinde kazi yake ni kumtoza kodi ya pili, na jambo hilo hatutaliunga mkono hata likipambwa kwa jina la leseni.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makisio hujadiliwa miezi mingi kabla yake. Wanachama wanaohudhuria vikao vya kata wamwulize diwani wao: fungu la kuwafundisha maafisa ustawi katika mji wetu ni shilingi ngapi, na la mwaka uliopita lilimsomesha nani?