Breki Zikilia, Usiongeze Sauti ya Redio
Shoga zangu, breki zikilia hatungoji mume arudi safari. Asubuhi baada ya mvua, mlio wa mara mbili tatu ni kutu nyembamba kwenye diski, huondoka wenyewe. Ukiendelea kila ukikanyaga, huenda pedi zinakwisha: nyingi zina kibati cha kulia kukuonya. Ukisikia chuma kinasaga chuma, usiendeshe, ita fundi. Akuoneshe pedi kwa macho yako. Zikibaki chini ya milimita 3, abadilishe kulia na kushoto pamoja. Akitaka kuzipaka oili zinyamaze, mkatalie. Breki zitateleza, gari lisishike. Bibi harusi hufundwa mengi, na hili naona afundwe. Roho ni amana, na kiti cha nyuma wamo watoto.