Aliitwa Salah Farah

Kwa washirika wote mlioko nyumbani,

Barua hii inatoka Hamburg, Ujerumani. Jumapili moja, baada ya ibada ya Kiswahili, washirika walibaki ukumbini wakatazama filamu iitwayo Watu Wote, iliyotengenezwa na wanafunzi wa Hamburg Media School mwaka 2017. Ni fupi, dakika 22 tu, na mwaka uliofuata ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoteuliwa kuwania Oscar. Kisa chenyewe ni cha kwetu Kenya: basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera, Desemba 21, 2015, likashambuliwa na magaidi wa Al-Shabaab, na abiria Waislamu wakawakinga wenzao Wakristo.

Ilipoisha, chai ikamiminwa. Mzee mmoja wa kanisa akashukuru kwamba Mungu aliwatumia Waislamu wale kuwaokoa watu wake. Ukumbi mzima ukaitikia amina, na mwandishi wa barua hii akaitikia kwa nguvu kuliko wengi. Ndipo mama mmoja wa Kitale, aliyekuwa akikusanya vikombe, akauliza, "Na yule mwalimu aliyepigwa risasi, jina lake hasa ni nani?"

Hakuna aliyejua.

Aliitwa Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mandera. Alipopanda basi lile, yeye na abiria wenzake zaidi ya 60 walijua vizuri maana ya kuamriwa wajitenge kwa dini. Mwaka mmoja tu nyuma, Novemba 2014, abiria 28 walitolewa kwenye basi la njia hiyohiyo wakauawa. Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa, na waliolengwa walikuwa Wakristo.

Karibu na El Wak, Al-Shabaab walilimiminia basi risasi hadi likasimama. Ndani, wanawake wa Kiislamu walikuwa tayari wanavua mitandio yao na kuwafunika Wakristo walioketi nao. Tafakarini kidogo jambo hilo. Mtandio haufungwi vivi hivi. Lazima nywele zifichike na shingo isitiriwe, na hapo mikono inatetemeka na nje watu wanafyatua bunduki. Tena kwa mwanamke wa kule, kujivua mtandio mbele ya wanaume wasio wa jamaa yake ni kutoa kitu kikubwa kuliko kitambaa. Wengine wakafichwa nyuma ya mizigo. Amri ya kujitenga ilipotolewa, abiria wakakataa: kama ni kuua, wauawe wote, la sivyo wote waachwe.

Watu wawili walipoteza maisha siku ile. Mwalimu Farah alipigwa risasi, akapelekwa Nairobi, akafariki Januari 2016. Akiwa bado kitandani aliwaambia waandishi wa habari kwamba Waislamu na Wakristo ni ndugu, waishi kwa amani. Baadaye Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani. Serikali ilimjua kwa jina. Ukumbi ule wa waombaji haukumjua.

Kusema Mungu aliwatumia si uongo. Tatizo ni kwamba neno hilo lina upande mmoja. Mkristo akitoa nafsi yake, kanisani husemwa ana imani na upendo. Mwislamu akifanya vilevile, husemwa ametumiwa, kama jembe lililookotwa njiani. Sifa inampita, na anayesimulia anabaki pale pale alipokuwa, bila kujifunza lolote kwake.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Katika Marko sura ya 9, Yohana anamwambia Yesu kwamba wamemkataza mtu fulani kutoa pepo kwa sababu hafuatani nao. Yesu anasema asikatazwe. Ukirudi nyuma katika sura hiyohiyo unaona jambo la kuumiza: wanafunzi wenzake walikuwa wametoka kushindwa kumtoa pepo kijana mmoja, kisha njiani wakabishana nani kati yao ni mkubwa. Walimzuia mtu aliyeweza walichoshindwa wao. Luka naye anaendelea: muda si muda, Yohana na Yakobo wanataka moto ushuke ukateketeze kijiji cha Wasamaria. Sura inayofuata, Yesu anasimulia habari za Msamaria mwema, na mwanasheria aliyeulizwa nani alikuwa jirani anakwepa hata kulitamka jina Msamaria. Lakini Yohana yuleyule, katika Matendo sura ya 8, anateremka Samaria pamoja na Petro na kuwawekea mikono Wasamaria, ndugu za wale aliotaka wachomwe.

Wapo watakaosema huku ni kuchanganya dini. Sivyo. Mwalimu Farah aliishi na kufa Mwislamu, na kumheshimu hakumtaki Mkristo afute hata neno moja la Imani ya Mitume.

Mama wa Kitale aliliandika jina la Salah Farah kwenye daftari la maombi la kikundi, chini ya mgonjwa wa figo na mwanafunzi anayesubiri viza, akiiombea familia aliyoiacha mwalimu. Ombi la barua hii kwenu ni dogo. Desemba 21 ni siku nne kabla ya Krismasi, mabasi yamejaa watu wanaorudi makwao. Mchungaji akifika kwenye maombi ya wasafiri, amtaje Salah Farah kwa jina, na aseme waziwazi kwamba alikuwa Mwislamu.