Ndege ndogo: Kwa nini moteri izimwe kwa mazoezi karibu na ardhi?

Mkaaji wa Bukavu anayepanda ndege ndogo kwenda Shabunda huuliza mambo mawili: bei ya tiketi na hali ya hewa. Haulizi rubani alijifunza namna gani. Ni vigumu kumlaumu, barabara yenyewe inajulikana.

Lakini swali hilo lina uzito. Rubani wa ndege ya moteri mbili, kama Let 410, anapashwa kujua la kufanya moteri moja ikizimika wakati ndege inaacha ardhi. Zoezi hilo ni la lazima. Kosa ni kulifanyia juu kidogo tu ya miti.

Tarehe 30 Mei 2017, huko Renmark, kusini mwa Australia, Cessna 441 ilipaa na watu watatu: rubani aliyekuwa akipimwa, rubani mkuu wa kampuni na mkaguzi wa serikali. Hakuna aliyekuwa mgeni kwa kazi hiyo. Kwenye futi 400 hivi, yaani mita 120, moteri moja ilipunguzwa nguvu kwa makusudi. Ndege haikupanda kama walivyotarajia, mwendo ukawa mdogo, wakashindwa kuiongoza. Wote watatu walikufa. Kitabu cha ndege hiyo kilishauri zoezi lifanyiwe kwenye futi 5,000.

Miaka saba mbele ya hapo, tarehe 22 Machi 2010, marubani wawili walikufa Darwin kwa zoezi la aina hiyo, ndani ya Embraer 120. Pale mkufunzi alivuta nguvu hadi chini kabisa. Moteri ikizimika kweli, mapanga ya elisi yake hugeuzwa ili yakate upepo. Ikiachwa izunguke bila nguvu, elisi inageuka breki upande mmoja wa ndege. Kwa hiyo zoezi linaweza kuwa baya kuliko ajali linayoiiga.

Halafu kuna tabia ya watu. Mwanafunzi anasubiri mwalimu aseme, mwalimu anasubiri mwanafunzi ajiokoe ili ampe alama. Kwenye mita 120, kusubiriana huko kunamaliza muda wote uliopo.

Renmark na Darwin ziko karibu na usawa wa bahari, ambako hewa ni nzito na moteri inapata nguvu. Viwanja vya Goma na Kavumu viko juu ya mita 1,500. Hapa hewa ni nyepesi, na ndege yenye moteri moja inapanda kwa taabu zaidi.

Kampuni zitasema simulateri ni ya bei kali na iko mbali. Ni kweli. Ila kuna njia isiyohitaji simulateri: kupanda juu, kuamua kwamba futi 5,000 ndiyo ardhi, na kuanzia zoezi hapo. Hofu haitakuwa ileile, lakini atakayekosea atashuka futi mia kadhaa na kuendelea na somo.

Mamlaka ya anga ya Kongo, AAC, ikatae kutia sahihi kipimo chochote kilichofanyiwa chini. Na mbele ya kupaa, mkufunzi na rubani wakubaliane mwendo ambao, ndege ikishuka hadi hapo, nguvu zinarudishwa kwenye moteri zote mbili bila kuulizana. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi na ibaki mbele ya macho yao.